Tende za Nyuma ya Tangi

Naisenya alikuwa jikoni kwa Waceke akimpimia maziwa, vikombe vya chai vikiwa bado kwenye sinki, Waceke alipotia tende mdomoni, akaitafuna, akasema kwa sauti ya mwanamume, "Ng'oto Namunyak, Sambu amezaa?"

Sauti ilikuwa ya Parsaoti, mumewe Naisenya, aliyezoea kumwita Mama Namunyak kwa Kimaasai. Kabla ya mvua za mwaka jana Parsaoti alitoka nyumbani kuja kumwambia Githongo, mumewe Waceke, kwamba hatauza sehemu yake ya shamba. Hakurudi. Uzio wa Githongo sasa umeizunguka sehemu hiyo.

Naisenya alimalizia kumimina, tone lisimwagike. "Amezaa. Ndama jike."

"Vizuri."

Waceke alitema kokwa kiganjani, akauliza kwa sauti yake mwenyewe kama maziwa ya kesho yatatosha, maana alikuwa na wageni wa kanisa.

Mtende ulikuwa nyuma ya tangi la maji. Mitende huchukua miaka kuzaa. Huu ulizaa kwa mvua moja, vichala vikaegemea ukuta. Githongo aliupanda kwa mikono yake, ingawa alikuwa na mtu wa bustani. Tende zake hakuzionja hata siku moja.

Waceke alizila kila asubuhi, na muda wote nyama ya tende ilipokuwa mdomoni Parsaoti aliongea. Aliuliza habari za ng'ombe, na kama kisima cha kule Mashuuru bado kina maji. Ikapita wiki kabla Naisenya hajauliza alichoogopa kuuliza.

"Uko wapi?"

"Hapa nyuma. Mizizi imefika kwa mbavu."

"Nani alikuweka?"

"Mwenye nyumba. Alinipiga na jembe nikielekea getini."

Waceke alimeza. Alinawa mikono, akakaa.

"Hata mimi huwa namsikia," alisema. "Beba tende kidogo, Mama Namunyak, upelekee polisi."

Kituoni, afisa wa zamu aliyeitwa Kiema alikula moja. Kwa kinywa chake Parsaoti akaeleza polepole, kwa Kiswahili chake cha mnadani, jembe lilitoka wapi na shimo lilichimbwa na nani. Askari wengine walisikiliza wakiegemea kaunta. Kiema akajipangusa midomo.

"Mama, hiyo ilikuwa mdomo yangu. Siwezi kuwa shahidi na pia mpelelezi."

Askari wa pili akala, maneno yakatoka yaleyale. "Ni tamu," akasema. Zilizobaki waliziweka kwa droo, za mkubwa wao.

Baadaye Githongo akaanza kugawa tende kwa ndoo. Zilifika kwa chifu, kwa mchungaji, na kwenye harusi moja Kitengela. Watu walizila na chai, wakamngoja Parsaoti amalize kutaja jina la aliyemuua, kisha wakaendelea na mazungumzo yao.

Sehemu iliyobaki ya shamba ilikuwa ya Ezra, mdogo wake Parsaoti. Ezra naye hakutaka kuuza.

Asubuhi moja Naisenya alimkuta Githongo amekunja mikono ya shati, anachimba kando ya mtende. Shimo lilimfika kiunoni.

"Takwenya, Mama Namunyak."

"Iko," akaitikia salamu.

"Nataka kuongeza wa pili. Huyu mmoja amekaa peke yake sana." Akaegemea mpini. "Ezra ni mzima?"

"Ni mzima."

"Mwambie namngoja Jumamosi. Mimi na yeye tu."

Jikoni, Waceke alikuwa dirishani, tende tayari mdomoni.

"Ezra ametia sahihi ya kuuza?" aliuliza Parsaoti.

"Bado. Anasema ulikataa, na yeye pia anakataa."

Taya la Waceke lilikwenda polepole. Huko nje jembe liligonga jiwe.

"Mwambie atie."

Naisenya alibaki na kifuniko cha mtungi mkononi. Miezi hii yote alikuwa akingoja mumewe amwambie la kufanya, na sasa alikuwa amemwambia. Alifunga mtungi, akakata njia moja kwa moja hadi bomani kwa Ezra, akamkuta akinywesha ng'ombe, akamweleza.

"Ni yeye mwenyewe alisema?"

"Ni yeye."

Ezra alisubiri ndama wa mwisho atosheke. Kisha akaingia ndani kutafuta kitambulisho.