Mguu wa Kutundika Ukutani

Watu walimwita Fundi Miguu, na hakuchukia, maana kazi yake ilikuwa hiyo hiyo. Alitengeneza miguu ya bandia katika karakana ya hospitali, chumba kirefu chenye harufu ya plasta mbichi na gundi, miguu imepangwa rafuni, ya kushoto juu, ya kulia chini. Alikuwa hodari, tusimpunje haki yake. Mtu akiingia na magongo, Fundi anamtazama hatua tatu tu, kisha anasema, "Wewe nyonga inakuuma asubuhi ukiamka," na mtu anabaki kinywa wazi.

Nchi hiyo haikuwa kwao; aliingia akiwa na miaka minane, pekupeku, bila baba, bila mama, ambao vita vilikwisha kuwachukua, na bila dada. Hapo kwa dada ndipo palipokuwa na kidonda.

Siku waliyokimbia, dada alikuwa na miaka kumi na sita. Walikwenda mbio na watu wengine barabarani, dada amemshika mkono, risasi ikampata dada chini ya goti. Akakaa pembeni kama mtu anayepumzika tu, akavua kitambaa cha kichwani akaufunga mguu, akamwambia, "Kitinda, tangulia na hao watu. Nakuja." Kitinda ndilo jina alilomwita tangu azaliwe, kwa kuwa alikuwa wa mwisho. Basi akatangulia. Hakulia, hakugoma, hakugeuka hata mara moja, kwa sababu dada alisema anakuja, na dada hakuwa mwongo. Kambini alikaa langoni kila jioni miaka mitatu mizima akiwakagua wanaoingia.

Walikuja kupatana kwenye simu alipokuwa mtu mzima, kupitia orodha ya ndugu waliopoteana. Dada yu hai! Mguu ulikatwa chini ya goti, lakini yu hai, yuko palepale kwao, anashona nguo, cherehani anaikanyaga kwa mguu mmoja. Walilia siku hiyo mpaka salio likaisha. Baada ya hapo wakawa wanaongea kila Jumapili, wanacheka, wanataniana, lakini habari za siku ile barabarani hakuna aliyezigusa. Dada akiuliza, "Utakuja lini?" jibu lilikuwa lilelile: "Mwakani, Dada. Kazi imenibana." Kazi gani hiyo isiyoisha miaka sita? Uongo mtupu. Alikuwa anaogopa, basi. Aliogopa kumtazama usoni mtu aliyemwacha barabarani.

Badala ya kwenda akatuma miguu. Hapo hakufanya mchezo. Alikusanya vyuma vilivyoachwa na wagonjwa waliopewa vipya, akavisafisha, akanunua vingine kwa mshahara wake, akachora na fomu ya vipimo kwa mkono wake mwenyewe. Muuguzi wa zahanati ya kwao akawapima watu kumi waliokatwa miguu vitani, dada akiwa wa kwanza, akapiga plasta kama alivyoelekezwa, akatuma. Fundi akaunda miguu kumi, sanduku likaenda. Zikarudi shukrani na dua za kila namna, na mkuu wa hospitali akamsifu Fundi mbele ya wafanyakazi wote. Fundi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini moyoni alikuwa amevimba kama andazi.

Miezi minne ikapita, akajiandaa kutuma sanduku la pili. Akamwomba muuguzi picha za watu wakitembea. Muuguzi akapiga chenga wiki mbili: mara simu mbovu, mara mvua. Mwishowe akatuma ujumbe wa sauti.

"Fundi, nisikufiche. Miguu ni mizuri mno, na watu wanaitunza kweli. Wa dada yako ameutundika ukutani, ameufunika nailoni vumbi lisiingie. Kila mgeni anaonyeshwa."

Fundi akausikiliza mara mbili, hakuamini masikio yake. Akampigia palepale.

"Ameutundika? Ule ni mguu au ni kalenda?"

"Usikasirike, kaka. Wote kumi wamerudia magongo. Hawakutaka kukuambia, wanasema umejinyima sana kwa ajili yao."

"Nenda kwa dada. Mwambie auvae, atembee, umpige video. Leo."

Video ikaja. Dada katoka mlangoni, kavaa gauni lake la maua, katabasamu kwa ajili ya simu. Hatua ya kwanza, goti likarudi nyuma. Hatua ya pili akajishika ukuta. Alitembea kama mtu anayepanda mlima na uwanja ni tambarare kabisa. Mwisho akacheka, akasema, "Mwambie uko sawa kabisa. Ni mimi tu nimezeeka."

Fundi akairudia video hiyo mara sita. Akatazama goti, akatazama nyonga, akalaumu plasta ya muuguzi. Mara ya saba akatazama chini kabisa, penye wayo. Dada alikuwa amevaa kandambili.

Akaenda kabatini akatoa zile fomu kumi. Vipimo vyote vilijazwa na muuguzi, uzito, urefu, unene wa kigutu, isipokuwa nafasi moja: aina ya kiatu. Zote kumi muuguzi aliziacha wazi. Na katika zote kumi, Fundi mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri, alikuwa amejaza: kiatu cha kawaida. Kiatu cha kawaida hapo mjini kina kisigino cha kiasi cha vidole viwili, na mguu wa bandia unapangwa kwa kisigino hicho. Uvae bila kisigino, unakuangusha nyuma. Hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua. Muuguzi hakusahau kitu. Aliacha wazi kwa sababu hapakuwa na kiatu cha kuandika.

"Mimi," alisema kwa sauti, peke yake kati ya rafu za miguu. "Mimi niliyevuka mpaka pekupeku!"

Mama Plasta akamkuta ameshika kichwa. Huyo ndiye aliyemfundisha kazi tangu akiwa na miaka kumi na saba, mama mnene mwenye mikono myeupe kwa plasta mchana kutwa, na mdomo usio na breki. Fundi akamweleza, kisha akasema haraka haraka kwamba si tatizo kubwa, atamwelekeza muuguzi kwa simu alegeze skrubu ya nyuma, akaze ya mbele, mambo yatakuwa sawa.

"Kwa simu?" Mama Plasta akamkazia macho. "Mwanangu, mimi nilikufundisha kurekebisha mguu kwa simu?"

"Hapana, Mama."

"Mguu unarekebishwa vipi?"

"Mwenyewe akiwa amesimama mbele yako."

"Ehe. Sasa unatetemeka nini? Masanduku yametangulia, mwenye masanduku anajificha. Unamwogopa dada yako?"

"Ndiyo," akasema Fundi, na machozi yakamtoka hapo hapo, mwanamume mzima. "Nilimwacha, Mama. Sikugeuka hata nyuma."

Mama Plasta hakumbembeleza, hana tabia hiyo. Akajifuta mikono kwenye aproni, akamletea fomu ya likizo na kalamu, akasimama juu yake mpaka akaweka sahihi.

Akaenda. Njiani alijipanga maneno ya kusema, akayapanga na kuyapangua, na alipofika zahanati yote yakamkimbia. Kilikuwa chumba kimoja chenye kibaraza, na kwenye benchi la kibarazani walikaa watu kumi, kila mmoja amepakata mguu wake uliofungwa vizuri kwa kitambaa. Wa mwisho alikuwa dada. Alikuwa amepungua, nywele zimeingia mvi mbele, lakini macho yale yale.

"Loo! Huyu ndiye Kitinda?" akasema dada, akamvuta kwa shati. "Mbona kitambi kimekutangulia?"

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka huku analia, wakakumbatiana mpaka gongo moja likaanguka. Alipotaka kuanza na mguu wake, dada akakataa kabisa. "Anza na wenzangu. Mimi ni wa nyumbani, siendi popote."

Akafanya kazi tangu asubuhi, amepiga magoti sakafuni, spana mkononi. Safari hii hakujaza chochote kwa kukisia. Kila mmoja alimwuliza unavaa nini, unapita wapi, unachota maji wapi. Mzee mmoja akasema, "Mimi shambani sivai kitu," na Fundi akaupanga mguu wake kwa ardhi tupu. Mmoja mmoja wakasimama, wakatembea kibarazani, wakaenda uani, wakarudi wakijitia hawashangai.

Jua lilikuwa limeanza kupoa alipomfikia dada. Akaupachika mguu, akamvisha kandambili, akamsimamisha. Dada akaweka mkono juu ya kichwa cha Fundi ili asiyumbe. Fundi akalegeza nyuma, akakaza mbele: tembea kidogo, rudi. Mara ya nne goti likakaa mahali pake. Dada akaenda mpaka ukutani bila kushika kitu, akageuka, akarudi.

Kutoka zahanati hadi nyumbani ni mwendo mfupi, njia moja iliyonyooka. Dada akamkabidhi magongo yote mawili.

"Shika haya. Tangulia, nakuja."

Fundi akaganda. Magongo yakawa mazito mikononi mwake.

"Siwezi, Dada," akasema. "Nilishatangulia mara moja. Nilikuacha. Nisamehe."

Dada akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Miaka yote hii ndicho kinachokutafuna?"

"Sikugeuka hata kukutazama."

"Kwani ungegeuka ingekuwaje? Nilikaa pale chini nikakutazama mpaka ukapotea, na nilikuwa naomba kitu kimoja tu: mtoto huyu asigeuke. Ungegeuka, ningekuita. Nilikuwa naogopa sana, Kitinda, nisingejizuia. Na ningekuita ungerudi, tukafia pale wawili." Akajifuta macho kwa kiganja. "Ulinitii. Ndilo jambo jema kuliko yote uliyowahi kunifanyia, na hii miguu yako nimeihesabu."

Fundi aliyakaza magongo kifuani.

"Sasa nenda," dada akasema. "Safari hii geuka utakavyo."

Akaenda. Hatua tano, akageuka. Dada alikuwa nyuma yake, anakuja, polepole, mikono mitupu. Akaenda hatua nyingine tano, akageuka tena. Alikuwa anakuja. Watoto wa jirani walisimama mlangoni kumwangalia mwanamume aliyekumbatia magongo anayetembea huku anageuka kila baada ya hatua mbili tatu, uso umelowa.

"Wewe!" dada akamfokea kutoka nyuma. "Utajikwaa! Unatazama nini? Si nilikwambia nakuja?"