Maiki Zinazokoroma Ukumbini

Mimi nikitazamwa kwa jicho la pembeni, damu inanichemka. Na shemeji, mke wa marehemu kaka yangu, alinitazama hivyo tangu maiki zetu zisizo na waya zianze kukoroma ukumbini.

Tunakodisha vyombo vya muziki kwa wenye harusi. Yeye mwenye mali, mimi fundi. Maiki zikikwaruza, anazibeba hadi karakana yetu, upande wa pili wa mji, anazijaribu. Sauti safi kabisa! Basi akapiga hesabu zake: karakanani nzima, ukumbini mbovu, na ukumbini anayezishika ni nani? Mimi.

"Shemeji, kwani yule mshindani wetu anakupa nini?" akaniuliza siku moja, anacheka. Kicheko chenyewe cha meno tu.

"Anipe nini? Mimi na yeye hata salamu hatuna!"

Akaanza kupekua mkoba wangu wa nyaya. Kila harusi akawa anakuja, anaketi kando ya mitambo kama askari wa zamu. Nikishika kitufe, anakohoa. Niliudhika, lakini ningeacha kazi ya kaka yangu niende wapi?

Jumamosi moja, baba wa bibi harusi anatoa nasaha, maiki ikalia krrr, ikakata. Shemeji akainyakua. Jamani, ikakubali papo hapo!

"Anayetuharibia kazi ni huyu hapa," akasema kwenye maiki hiyo hiyo, kidole kwangu. "Ndugu wa mume wangu, mwizi wa riziki ya wanangu!"

Nikakunja nyaya, nikaondoka, machozi yananilenga.

Harusi iliyofuata maiki zikakoroma bila mimi. Mpiga picha ndiye aliyenisimulia. Mgeni mmoja, mhandisi wa kampuni ya simu, alimweleza shemeji kwamba watu wanataka intaneti ya kasi, masafa ya mawimbi hayatoshi, kwa hiyo serikali imeziongezea kampuni za simu yale yaliyotumiwa na maiki kama zetu. Mnara mpya wa simu uko nyuma ya ukumbi, ndio unaozivuruga maiki. Karakanani kwetu bado haujafika. Tangazo lilipita redioni, lakini nani asikie redio na sisi kutwa tunajaribu maspika?

Jioni shemeji akanipigia kwa video. Picha haikukwama hata kidogo. Alikuwa analia.

"Nisamehe, shemeji. Nilikukosea. Rudi kazini."

"Nimekusikia."

"Umenisamehe?"

"Haya ya leo nimeyasikia peke yangu," nikamwambia. "Yale ya siku ile uliutangazia ukumbi mzima."