Mchoro wa Uongo

Mwalimu Mideva aliweka karatasi ya mtihani mezani, akaigeuza inielekee. Alama tisa kwa themanini. Binti yangu Kui alisimama kando ya kabati, mikono nyuma, akiangalia viatu vyake.

"Baba Kui, miaka yote nimefundisha sijaona kitu kama hiki," mwalimu akasema. "Maswali yote ya pembetatu, hakukokotoa hata moja. Amepima kwa rula."

Nilijua wazo la rula limetoka wapi.

Mimi ni fundi wa mawe. Shule niliachia darasa la tano, Dandora, na tangu hapo nimejenga vyumba vya kuongezea katika mtaa wa Umoja hadi nimechoka kuvihesabu. Kui alipoingia Gredi ya Kumi alichagua hisabati nzito, ile ya wanaotaka uinjinia. Alikuwa akiniambia, "Nikimaliza nitakuandika kazi, Baba." Muhula haujafika katikati akaja kwangu na kitabu, analia. Fomula haziingii. Nikamwambia afute machozi alete rula. Pembetatu ni pembetatu, iwe ukutani ama kitabuni. Tulipima wiki mbili, tukilinganisha na majibu ya nyuma ya kitabu. Yalitoka sawa. Nilijiona profesa.

Siku moja alisita. "Lakini hapa chini wameandika mchoro haukufuata vipimo."

"Hata ramani za arkitekti huandikwa tusipime juu yazo. Sisi tunapima. Umewahi kuona nyumba yangu ikianguka?"

"La."

"Basi pima."

Sasa mwalimu aligonga karatasi kwa kidole. "Michoro ya kitabu huenda ilichorwa sawasawa. Hii ya mtihani niliipindisha makusudi, mtu asipime."

"Yaani umewachorea watoto uongo?"

"Si uongo. Ni hisabati."

"Mimi nikichorewa hivyo kazini, mtu anakufa."

Alitabasamu, lile tabasamu la watu wenye vyeti. "Kwani wewe ulifika darasa la ngapi?"

Kabla sijafungua mdomo, Kui akajibu, "La tano." Hakusema kwa dharau. Alisema kama mwanafunzi aliyeulizwa swali, na hilo ndilo liliniuma.

Mwalimu akatoa fomu ya kumhamishia hisabati nyepesi. Wa chini ya alama thelathini hawabaki, akasema. Uinjinia wausahau.

"Mpe mtihani mwingine wiki ijayo," nikamwambia. "Kosa ni langu, si lake."

"Jina lako haliko kwenye karatasi, Baba Kui."

Nikamgeukia binti yangu. "Unasemaje?"

"Weka tu sahihi. Mwalimu ana kipindi."

Niliweka. Nikamrudishia mwalimu kalamu yake ya Bic.

Tulipotoka getini, Kui alisimama. "Ulikuwa unajua, ama ulikuwa unajifanya unajua?"

"Majibu si yalikuwa yanatoka?"

"Ungesema tu hujui. Ningemuuliza Shirleen." Shirleen ni mwenzake, yeye alibaki darasa lile zito. "Niliyaona yale maandishi, Baba. Hata kwenye mtihani niliyaona. Nikakuamini wewe."

Heri angenitukana. Tusi ningelijibu.

Siku hizi anasoma ile nyepesi, na anaipita bila jasho. Juzi mteja wa Donholm aliniletea ramani, chini imeandikwa tusipime juu yake. Nikapima. Nyumba itasimama tu, na hilo halinisaidii chochote.

Kui akikwama na kazi ya nyumbani, anampigia Shirleen. Huongea kwa sauti ya chini, kanipa mgongo. Kutoka kiti changu hadi meza yake ni mita mbili na sentimita kumi. Nimepima.