Bomu Lisilo na Namba

Chumba cha kumbukumbu cha maktaba ya chuo cha maofisa wa jeshi kiko chini ya ardhi, mwisho wa ngazi kumi na nne, nyuma ya mlango wa chuma mzito kama dhambi. Dirisha ni moja tu, jembamba, limebanwa juu karibu na dari, na ukilitazama huoni mtu, unaona viatu vya wapita njia. Humo alitawala mama mmoja ambaye makadeti walimbandika jina la Bi Glavu, maana hata bahasha tupu hakuruhusu iguswe bila glavu nyeupe za pamba. Binti yake, kadeti wa mwaka wa pili hapo hapo chuoni, alishachoka kuulizwa kama nyumbani kwao wanakula na glavu pia.

Asubuhi ile ya Alhamisi makadeti thelathini na mbili, binti akiwemo, walikuwa waje saa nne kamili kusoma ramani ya vita vya zamani. Ilikuwa kubwa kama shuka, na ilikaa imekunjwa ndani ya mkebe miaka na miaka, kwa hiyo ukiifungua inajikunja tena kama jongoo aliyeguswa. Dawa yake ni kuikandamiza pembe zote nne. Na vya kukandamizia, tangu enzi na enzi, vilikuwa mabomu manne ya mkono yaliyotolewa baruti. Kila moja limetobolewa ubavuni, na chini yake limeandikwa namba kwa rangi nyeupe.

Namba hiyo haikuwa pambo. Fundi wa mabomu anakagua kwanza, anaweka sahihi, ndipo kitu kinapata namba na ruhusa ya kuteremka ngazi. Ambacho hakijakaguliwa kinalala kwenye banda la bati nyuma ya uwanja wa gwaride. Sheria hiyo aliitunga Bi Glavu mwenyewe, na alishagombana kwa ajili yake na watu wenye nyota mabegani.

Saa tatu na nusu alipita kukagua meza. Ramani ilikuwa imetandazwa vizuri, kazi ya msaidizi wake aliyeitwa Jenerali, ambaye jeshi lilimkataa kwa sababu ya nyayo bapa lakini akatembea kifua mbele maisha yake yote. Bomu la pembe ya mwisho lilikuwa limefunika jina la mto. Bi Glavu akalinyanyua alisogeze.

Kikalia kitu kidogo, kama punje ya maharage makavu ikivunjika. Kipande cha pini, kimeliwa na kutu, kikadondoka juu ya ramani.

Mkono wake ulikaza wenyewe kabla akili haijafika. Kiganja kilikuwa kimekibana kile kibao cha chuma ubavuni mwa bomu, kile ambacho kikiruka unabaki na sekunde nne za kutubu. Akalipindua taratibu atazame chini. Hapakuwa na namba. Akatafuta tundu la ubavuni. Hapakuwa na tundu.

Akamwita Jenerali kwa sauti ile ile ya kuombea gundi.

"Hili la nne umelitoa wapi?"

Jenerali akajibu bila hata kugeuka kwamba la nne limefungiwa kwenye kabati la maonyesho na ufunguo anao mkuu wa maktaba, basi amechukua moja kwenye sanduku la marehemu kanali.

Sanduku lile hakulileta Jenerali. Jumanne alikuja mjane wa kanali, amelikumbatia kama mtoto mgonjwa, akaomba vitu vya mzee visilazwe kwenye bati, kwani mzee alikuwa hapendi joto. Alikuwa analia. Bi Glavu akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akalibeba mwenyewe hadi chini na kulisukuma chini ya rafu, kwa siku mbili tu mpaka fundi arudi. Hakumwambia mtu. Na Jenerali, miaka kumi na moja kazini, alijua kitu kimoja kwa hakika: kilichomo humu ndani kimeshakaguliwa. Angekitilia shaka vipi?

"Sikiliza, baba," alisema. "Hili zima. Pini imekatika na mimi ndiye pini sasa. Panda juu, mpigie fundi wa mabomu. Kisha simama mlangoni, makadeti wasiteremke. Mwanangu yumo. Na usikimbie kwenye ngazi, ukivunjika mguu tutakuwa na kesi mbili."

Jenerali alifungua mdomo aseme atabaki. Bi Glavu akamtazama tu. Akaondoka, na kwa mara ya kwanza kifua hakikuwa mbele.

Kijasho kilianza kwapani, kikateremka hadi ndani ya glavu, na pamba ilipolowa chuma kikaanza kuteleza. Kidogo tu, unene wa ukucha. Akaongeza mkono wa pili juu ya ule wa kwanza. Glavu ile alikuwa ameihubiri miaka kumi na tisa, na sasa ndiyo iliyotaka kumuua, na kuivua hakuweza. Akamkumbuka mumewe, aliyemwachia asubuhi maneno makali juu ya bomba la jikoni linalovuja. Alitamani hata lile bomba.

Kidole gumba kikaanza kufa ganzi. Akahesabu migongo ya mafaili, akapotea, akaanza upya.

Halafu akasikia buti. Zilipita dirishani mbili mbili, zimeng'aa, zinakuja. Moyo ukamlipuka kabla ya bomu. Juu ikasikika amri, zikasimama. Kwenye safu ya karibu kulikuwa na jozi moja ambayo mguu wake wa kulia unaingia ndani kidogo. Mguu ule aliujua tangu una miaka miwili. Ikatolewa amri nyingine, nyuma geuka, buti zote zikageuka. Ile jozi ilichelewa. Ilichelewa kama pumzi moja hivi, kisha ikageuka na kwenda na wenzake.

"Nenda, mama," Bi Glavu akanong'ona. "Nenda, nenda."

Fundi wa mabomu alikuja dakika ishirini baadaye, mtu mfupi mwenye kitambi, anahema, ameshika kipande cha waya.

"Liko hai?" aliuliza.

"Fundi ni wewe, unaniuliza mimi?"

Alicheka kwa pua, lakini macho hayakucheka. Akapiga magoti, akatafuta tundu la pini. Waya ukagoma mara ya kwanza. Ukagoma mara ya pili, na Bi Glavu akasikia kile kibao kinacheza chini ya kiganja. Mara ya tatu ukapita. Fundi akaukunja ncha zote mbili, akaweka mkono wake juu, akamwambia sasa aachie.

Vidole havikuachia. Alivitaka, havikumsikia. Fundi akalivuta pole pole, likachomoka na glavu yake, akapanda nalo ngazi akitembea kama mtu aliyebeba supu.

Nusu saa baadaye mlio ulitoka shimo la shabaha, ambako fundi alikwenda kulilipua, vioo vikatetemeka, vumbi likadondoka kutoka rafuni. Lilikuwa zima kweli. Jenerali akakaa chini sakafuni.

Binti aliposhuka, ruhusa alikuwa ameipata au hakuipata, hakuna aliyeuliza. Alisimama mlangoni, midomo imekauka.

"Hatukuambiwa linapelekwa wapi," alisema. "Nilipousikia ule mlio, mama, nilijua ndio wewe."

Bi Glavu alitafuta utani. Siku zote ulikuwapo, kama leso mfukoni. Safari hii hakuukuta. Aliunyoosha tu mkono, mtupu, vidole bado vimejikunja kulizunguka bomu ambalo halikuwepo tena.

Binti akauchukua bila glavu. Akaanza kuvikunjua, kimoja kimoja. Kidole gumba kilikataa, akakiacha, akakipakata.

Chini ya rafu sanduku la kanali lilikuwa wazi, na ndani yake kulikuwa na vitu vingine ambavyo hakuna aliyekuwa amevitazama.

"Tutoke nje," Bi Glavu alisema. "Wote. Polepole."