Mashine ya Wendell

Mashine ya kufyonza masizi ilikata roho Jumatatu asubuhi, chini ya nyumba ya paroko, Leandre Cyr akiwa amepiga magoti mbele ya boila ya mafuta ya kupashia nyumba joto, iliyo wazi. Ilikohoa mara mbili, ikatetemeka, kisha ikatema kwa nyuma kila ilichokuwa imekimeza. Alipopanda ngazi, meno na macho tu ndiyo yaliyoonekana usoni mwake. Paroko alijiuma midomo asicheke.

Ilikuwa Oktoba, majani yamekwisha kupukutika, na nusu ya mji ilikuwa ikimngojea aisafishie boila kabla ya theluji. Huko kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, fundi wa boila asiye na mashine mwezi huo ni kama mpishi asiye na jiko.

Adhuhuri alisimama dukani mbele ya mashine mbili. Dwight, muuzaji mnene aliyemjua kila fundi kwa jina na kwa udhaifu wake, aliigonga ya kwanza kwa kiatu.

"Bei poa hii. Dola mia na thelathini."

"Hiyo si ya maranda?"

"Ya maranda, ndiyo. Masizi laini kuliko unga, yatapenya chujio yatokee nyuma. Utampaka mteja nyumba nzima, mpaka na paka wake."

"Na ile?"

"Ile ndiyo yenyewe. Machujio matatu, mota haiguswi na uchafu. Elfu moja na mia mbili."

"Dwight, nina miaka hamsini na tisa. Nitakufa haijarudisha pesa yake."

"Basi tutakuzika nayo, mzee. Ukasafishe masizi ya huko uendako." Dwight alicheka peke yake, kisha akashusha sauti. "Ila ile ya Wendell si ipo tu kwake? Mjane wake, Verna, ataifanyia nini? Mwombe akuuzie."

Leandre akajifanya anasoma maandishi ya boksi.

Alikuwa amefanya kazi na Wendell Haskell miaka ishirini na miwili, gari moja, chupa moja ya kahawa. Kisha siku moja Leandre alichoka, akapitisha brashi juu juu katika boila ya mteja, akafunga. Wendell aliifungua tena akachungulia. "Rudia," alisema, mteja akiwa amesimama pale pale. Neno moja tu. Leandre alitupa brashi sakafuni akaondoka, na hasira aliyodhani ingekwisha kwa wiki ilikaa miaka minne. Wendell alipougua mapafu, Leandre alijiambia ataenda Jumapili. Jumapili zilikuwa nyingi. Mazikoni alisimama nyuma kabisa ya kanisa, akatoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, aligonga mlango wa Verna.

Mjane alifungua akiwa na koti la sufu mwilini. Mashavu yake yalikuwa mekundu, macho yamelegea. Madirisha yote yalikuwa yameshafunikwa kwa nailoni, tayari kwa baridi.

"Shemeji Leandre," alisema polepole, kana kwamba analitafuta jina. "Umepotea."

"Nimepotea, shemeji. Nisamehe. Hujambo?"

"Kichwa tu. Siku hizi naamka nacho kila siku. Nikienda kanisani kinaacha, nikirudi kinarudi. Uzee huu."

Leandre alitoa mfukoni kipimo kidogo cha hewa ya sumu, akakiwasha, nacho kikaanza kulia kabla hajavuka kizingiti.

"Toka nje, shemeji. Sasa hivi."

"Supu yangu iko jikoni..."

"Iache! Toka!"

Alizima jiko na boila, akachana nailoni, akafungua kila dirisha, upepo ukaingia ukapeperusha mapazia. Alipoteremka chini baadaye na kulivua bomba la moshi, masizi yaliporomoka mikononi mwake kama udongo. Njia ya moshi ilikuwa imebaki upana wa kidole. Juu ya boila palining'inia karatasi ngumu yenye tarehe za usafishaji, mwandiko wa Wendell, Septemba baada ya Septemba. Ya mwisho ilikuwa ya miaka mitatu nyuma.

Alimkuta Verna barazani, rangi ya kawaida imeanza kumrudia.

"Kwa nini hukumwita fundi?" Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka. "Mafundi wamejaa mji mzima."

Verna alikaza koti.

"Nilitaka. Wendell akanikataza, na huku hata pumzi hana. Akasema Leandre atakuja vuli. Vuli ikapita, nikasema labda ana kazi nyingi. Ikaja nyingine."

Leandre alitazama mikono yake.

"Ile mashine yake bado ipo?"

"Ipo chini ya turubai. Sijaigusa."

Aliifanyia kazi boila ile mpaka alasiri. Alipitisha brashi kila mwanya, akafyonza, akamulika kwa tochi, akarudia palipokuwa pamekwisha kuwa safi. Mashine ya Wendell iliunguruma kwa sauti nene isiyokwaruza, wala haikutoa hata chembe nyuma. Mwishowe mpira wa mashine ulikuwa ukivuta hewa tupu. Akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usiizime."

Hakujua Verna aliingia saa ngapi. Alikuwa ameketi ngazi ya juu kabisa, amejifunga shali, kichwa ameegemeza ukutani, macho amefumba.

"Wendell alikuwa akiisafisha boila yetu mwisho, akishamaliza za watu," alisema. "Mimi huku juu napika, naisikia mashine yake."

Leandre aliurudisha mkono. Akasimama katikati ya chumba, mpira mkononi, mashine ikivuma.