Sauti Isiyofika Zombe

Kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja chuo cha ualimu lilikuwa limelala kwa miezi, halafu wiki hiyo likaamka kwa kishindo. Kyule ametawazwa kuwa askofu. Wavinya amevaa joho jekundu, sasa ni Daktari Wavinya. Pongezi zikamiminika mpaka simu ya Kalunde ikapata moto. Mtu akaandika: "Na nyinyi wengine mko wapi? Semeni tuwapigie makofi."

Kalunde alikuwa ofisini mwa walimu, anasahihisha hesabu za darasa la sita. Akaandika, "Niko Zombe. Bado nafundisha." Akalitazama lile neno bado, akalifuta, akatuma yaliyobaki. Makofi machache yakaja. Kisha Ndululu akaweka picha yake ameketi mbele ya maikrofoni, ukuta wa nyuma umebandikwa trei za mayai za kuzuia mwangwi.

"Nimerudi nyumbani Kibwezi," aliandika. "Nimefungua redio yangu ndogo. Atakayepita njia hii aingie, nimpe maikrofoni."

Kalunde aliyarudia maneno hayo mpaka kengele ikalia.

Chuoni, yeye na Ndululu ndio waliokuwa wakisoma habari kila asubuhi kwenye gwaride. Wanafunzi walikuwa wakiacha kunong'ona Kalunde akifungua mdomo. Walipomaliza masomo, kituo kimoja cha Nairobi kiliwaita wote wawili wakajaribiwe sauti. Wiki hiyohiyo Kalunde akapangiwa shule Zombe. Baba yake akauliza ni mtu gani mwenye akili anayeacha kazi ya serikali akafukuze upepo. Ndululu akaenda peke yake. Kwa miaka mingi Kalunde alipika, akafua, akanyonyesha, huku anamsikiliza redioni. Ndululu akivuta pumzi kabla ya sentensi ndefu, naye huku jikoni huvuta.

Likizo ya Agosti ilipofika, alimwambia mumewe, Muli, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlemaza upande wa kushoto, "Nataka kwenda Kibwezi kumsalimia mtu niliyesoma naye. Dada yako atakaa na wewe."

"Yule wa redio?"

"Yule wa redio."

"Nenda, Mama Kisilu. Umemsikiliza vya kutosha. Na yeye akusikilize."

Ndululu alikuwa amenyoa kipara, na tumbo lilimtangulia mlangoni. Walishikana mikono wakacheka, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachilia. Redio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo. Saa ya matangazo ya vifo ilikuwa imekaribia. Ndululu akamsogezea kiti.

"Soma wewe."

"Mimi? Ndululu, mimi ni mwalimu wa hesabu."

"Kaa, Kalunde."

Taa nyekundu ikawaka. Kalunde akasoma, kwa Kikamba, habari za bibi mmoja wa Makindu aliyeuza ndizi karibu na stesheni mpaka miguu ikakataa. Akasoma majina ya watoto, ya wakwe, ya wajukuu, akiliachia kila jina nafasi yake, kama vile mwenye jina amesimama pale mlangoni anangoja kuitwa. Alipomaliza, simu ya kituo ilikuwa inaita. Aliyepiga alikuwa binti wa marehemu. Hakuwa na malalamiko. Alitaka tu kujua ni nani aliyesoma, ili amshukuru.

Ndululu aliweka wimbo, akageuka.

"Kipindi cha asubuhi hakina mtu. Omba kustaafu mapema, uje."

Kalunde akaikunja karatasi ya tangazo.

"Siku ile Nairobi nilikungoja," Ndululu akasema. "Nilikaa pale mapokezi mpaka wakafunga. Nilidhani umechelewa njiani."

"Sikuchelewa. Nilikuwa nimeshafika Zombe."

Wimbo ulikuwa unaelekea mwisho. Kalunde akasimama, akachukua mkoba.

"Muli anageuzwa kitandani, Ndululu. Analishwa. Anashikwa mkono akitembea mpaka mlangoni na kurudi. Siwezi kuja. Na tafadhali usiniulize tena, kwa sababu ukiniuliza nitakubali."

Kesho yake alimkuta Muli ameegemezwa mito uani, kiredio kidogo kifuani, kinakwaruza.

"Jana mchana kutwa tulikutafuta," Muli alisema. "Nilijua atakupa maikrofoni. Lakini mawimbi yake hayafiki huku."

"Hayafiki."

"Ulisema nini?"

Kalunde aliketi kwenye kigoda bila hata kuvua viatu vya safari, akamsomea tangazo zima kutoka kichwani. Dada yake Muli, aliyekuwa akipepeta pojo, akauweka ungo chini. Muli alikuwa amefumba macho.

"Tulimjua huyo bibi?"

"Hatukumjua."

"Basi rudia pale pa wajukuu."

Akarudia. Safari hii alikwenda polepole zaidi, na sauti yake ikavuka ua wa miti ikafika barabarani, ambako mpita njia mmoja alisimama akavua kofia, akidhani kuna msiba. Muli akaupapasa mkono wa mkewe kwa ule wake mzima, akaushika.

Kalunde akaenda kuwasha moto. Kiredio hakukizima. Alikiacha palepale, kwenye namba ya redio ya Ndululu, kinakwaruza, na hata shule zilipofunguliwa hakuna mtu mle nyumbani aliyekigeuza.