Amina ya Kocha Makhanu

Jumatatu jioni nilimkuta binti yangu Fancy amelala langoni akiwa amesimama. Alikuwa amepitisha mkono kwenye kile kitundu cha geti ili afungue komeo, paji la uso likaegemea bati, na usingizi ukamchukua hapo hapo. Begi la viatu lilikuwa bado begani. Mimi nilikuwa natoka kuchuma sukuma wiki nyuma ya nyumba. Nilisimama nikamwangalia kidogo, maana sikutaka kumshtua aumize mkono, halafu nikamwita polepole kwa jina la nyumbani, Cherono. Akafungua macho, akavuta komeo, akaingia kama mtu ambaye hakuna kitu kimetokea.

"Niko fiti, Mama," akasema, na hata sikuwa nimeuliza.

Baba yake pia alikuwa akisema hivyo. Alikuwa dereva wa lori la maji kule Olkaria, na mwenzake akikosa kuja kazini, yeye ndiye alishika zamu. Hakuna aliyemlazimisha. Ukimwambia apumzike anakwambia yuko fiti. Asubuhi moja akirudi nyumbani na pikipiki alisinzia karibu na Longonot, na tangu siku hiyo mimi ni mjane, na mtu akiniambia yuko fiti huwa namwangalia macho. Ya Fancy yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyeshinda kwenye moshi.

Fancy yuko mwaka wa pili chuoni hapa Nakuru, na anasoma kwa sababu ya michezo. Nafasi walimpa kwa ajili ya mpira wa kikapu. Baadaye chuo kikaanzisha besiboli, ule mchezo ambao mmoja anarusha mpira mdogo na mwingine anaungoja na rungu, na kwa kuwa mkono wake una nguvu wakamweka huko pia, arushe pamoja na wavulana. Mwaka jana haikuwa shida. Kikapu kiliisha, besiboli ikaanza. Mwaka huu wahadhiri waligoma, ratiba ikasukumwa mbele, na mechi za mchujo za kikapu zikaangukia wakati mmoja na ufunguzi wa msimu wa besiboli. Asubuhi kabla ya masomo yuko kwa Kocha Kiprugut wa besiboli. Jioni baada ya masomo yuko kwa Kocha Makhanu wa kikapu. Hapo katikati ndipo anaitwa mwanafunzi.

Jumanne Fancy alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, akainywa yote akaweka kikombe chini. Hakujua. Hiyo chai ilinitisha kuliko geti.

Siku ya Jumatano nikafunika mashine yangu ya kufuma sweta, nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda chuoni. Kocha Makhanu ni mtu wa Bungoma, ana heshima, alisimama akanipa kiti chake, nikamweleza ya geti na ya chai. Alinieleza kwamba Jumamosi ni fainali ya mchujo, kwamba bila Fancy yeye hana timu, na kwamba ikipita hiyo mtoto atalala mpaka Krismasi. Akaniambia niongee na Kiprugut, maana besiboli ndiyo kwanza inaanza, huko wanaweza kumwachilia. Nikatoka hapo nikaenda kwa Kiprugut. Huyo ni wetu, wa kutoka upande wa Mogotio, tukasalimiana kwa lugha ya nyumbani, akauliza mvua imefika kwetu. Naye akasema msimu ukifunguliwa vibaya umeharibika wote, akimwachilia mmoja watataka kuachiliwa wengi, kwa hivyo niongee na Makhanu, maana kikapu tayari kinaisha. Pia alinipa kiti.

Na wote wawili, waliponisindikiza mlangoni, waliniambia neno moja, kama watu waliopatana. "Mama Bethwel, wewe tuombee tu. Hayo mengine tuachie sisi."

Bethwel ni kifungua mimba wangu, anaendesha trekta kwenye ngano kule Mau Narok. Nilimpigia simu jioni hiyo, akasema ataongea na dada yake, akaongea naye, dada yake akamwambia yuko fiti.

Fancy alipojua nilikwenda chuoni alikasirika, lakini hata hasira yake ilikuwa imechoka, ilitoka vipande vipande. Alisema kuna wasichana wengi wanangoja nafasi yake, na jina likishatoka kwamba huyu anachoka, basi. Aliniomba nisiongee na mtu tena. Nilikuwa nimemwambia kila mtu wa kuambiwa, na kila mmoja alikuwa amenipa kiti.

Jumamosi nilibeba chupa ya chai, ndizi na leso ya kukalia. Jua lilikuwa lile la kungoja mvua, na uwanja wa besiboli ulikuwa vumbi tupu. Fancy alisimama katikati akarusha asubuhi nzima. Watu walipiga kelele, wavulana wakamwita mashine, na timu yetu ikashinda. Mimi sijui kuhesabu huo mchezo. Nilikuwa naangalia kitu kimoja. Kila alipomaliza kurusha, kabla mpira haujarudishwa kwake, alikuwa anafunga macho. Si kupepesa, ni kufunga. Wakimrudishia mpira anafungua.

Walipomaliza kumbeba juu juu, alivuka nyasi mpaka uwanja wa kikapu akabadilisha viatu. Nikampa ndizi. Akaishika mkononi akaisahau huko.

Huku kwa kikapu kulikuwa kumejaa. Wageni walikuwa wametoka upande wa Kericho na ngoma zao, na wetu walikuwa na tarumbeta za plastiki. Desturi ya pale ni kwamba mechi kubwa haianzi bila maombi, na anayeomba ni mzazi. Bi Wariara, anayesimamia michezo ya chuo, akashika maiki akasema leo tuna bahati, tuna mama mwenyekiti wa maombi wa kanisa lake, mama wa Fancy wetu. Sikuwa nimeambiwa. Nikasimama na leso yangu. Kofia zikatoka vichwani, ngoma zikanyamaza, timu zote mbili zikafanya duara na makocha ndani, na Kiprugut naye alikuwa amekuja kutazama, amesimama nyuma ya Makhanu. Fancy alikuwa ameshikana mikono na Anyango, msichana wa akiba. Niliona macho ya Fancy yamefungwa kabla ya ya wengine.

Nilikuwa nimekusudia kuomba yale ya kawaida. Mungu ni shahidi wangu. Nilianza nayo.

"Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa siku hii. Asante kwa wageni wetu umewafikisha salama. Wakumbuke marefa, uwape macho mazuri."

Wakacheka kidogo, wakaitikia. Hapo ndipo ningefunga. Lakini ulimi haukusimama.

"Baba, wewe unamjua Fancy Cherono. Tulikuwa pamoja nikimkuta amelala kwa geti akiwa amesimama. Uliona akinywa chai ya chumvi bila kujua. Leo asubuhi amerusha mpira mpaka mkono umefura, na sasa yuko hapa na viatu vingine. Makocha wake ni watu wazuri, Baba, nimeenda kwao wamenipa kiti. Lakini kila mmoja anangoja mwenzake ndiye amwachilie. Mimi wameniambia niwaombee, basi naomba. Wape moyo wa kumwambia huyu mtoto akae chini leo. Na akikaa, nafasi yake ya kusoma ibaki yake, kwa sababu huo mkono ni wewe ulimpa. Baba yake ulimpumzisha mapema, na sikukuuliza. Huyu nakuomba apumzike akiwa hai. Kwa jina la Yesu."

"Amina," watu wakasema, uwanja mzima, na wageni, na marefa. Nilimsikia Makhanu, maana sauti yake ni nzito. Kiprugut pia, nyuma yake.

Halafu watu wakafungua macho. Fancy aliniangalia kama mtu ambaye nimemvua nguo. Makhanu akaja karibu yangu, kofia bado mkononi.

"Mama Bethwel," akasema chini chini, "hayo maombi yalikuwa yanapanda juu ama yalikuwa yanakuja kwangu?"

"Umesema Amina, kocha."

"Mimi husema Amina kila siku."

"Na leo pia umesema."

Akatazama nyuma kwa Kiprugut, na Kiprugut akatazama viatu vyake. Wazazi wa kwenye mstari wa mbele walikuwa wanamngoja waone. Makhanu akavaa kofia, akaenda, akamwambia Anyango avue koti aingie. Fancy akabaki benchi. Alijifunika taulo kichwani na kunipa mgongo, na firimbi ikapulizwa.

Haikuchukua muda. Ngoma zikipigwa, tarumbeta zikilia, watu wakiruka, lile taulo likaanza kuinama. Likainama upande mpaka likalala kwenye mfuko wa mipira. Miguu yake ikanyooka. Nilitoka kwa wazazi nikaenda nikakaa mwisho wa benchi, na hakuna aliyenifukuza.

Katika kipindi cha tatu tulikuwa nyuma, na watu wakaanza kuita jina lake. Fancy, Fancy, kwa ngoma. Makhanu akaja akasimama mbele yetu. Alimwekea mkono begani akamtikisa, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa nguvu. Mimi sikumzuia. Kichwa cha Fancy kilienda huku na kurudi, mdomo uko wazi, na hakuamka. Mpira ukatoka nje ukagonga mguu wa benchi karibu kabisa na sikio lake. Hakuamka. Kocha akaondoa mkono. Uso wake ulibadilika hapo, si wakati wa maombi.

"Huyu mtoto amekuwa hivi tangu lini?" akaniuliza.

Hilo nilikuwa nimemjibu Jumatano. Akavua koti lake la michezo akamfunika miguu, akarudi uwanjani. Anyango alicheza mpaka mwisho, alijitahidi, alifunga hata mara ambazo hakuna aliyetarajia. Tukashindwa kwa pointi chache. Wageni walikimbia na ngoma zao wakizunguka uwanja, na vumbi likatufunika sote.

Watu walipokuwa wanakunja bendera Fancy akaamka. Alikaa, akajipangusa mdomo, akaanza kufunga kamba za viatu upesi upesi.

"Imeanza?"

"Imeisha."

Alitazama ubao wa pointi. Kisha akaendelea kufunga kamba, pole pole, mpaka akamaliza zote mbili, kama bado zina kazi. Kurudi nyumbani alitembea mbele yangu njia yote. Bi Wariara alikuwa ameniambia kwa upole kwamba Jumatatu niende ofisini na Fancy tuongee. Kuongea nini, hakusema. Kiprugut alinifuata mpaka barabarani akaniambia Fancy asije mazoezi mpaka apone, na aliposema apone nilielewa kwamba ametafuta neno ambalo yeye pia anaweza kulitumia ofisini.

Fancy alilala bila kula. Jumapili kengele ya kanisa ililia bado amelala, na mimi sikwenda. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni ili mtu asije akabisha. Kutoka pale nawasikia vizuri wakiimba, hata najua ni nani ameanza kabla ya wengine. Nilijiuliza ile ya jana ilikuwa maombi kweli, au nilikuwa nimejificha nyuma ya Mungu nikiwasema watu wamefumba macho. Nilijiuliza mpaka nyimbo zikaisha. Mwili wote uliniuma kama ni mimi niliyecheza.

Alitoka mchana, alama za blanketi usoni, akakaa kizingitini karibu na miguu yangu. Nikamletea chai. Akatazama bakuli mbili, ya sukari na ya chumvi, akaonja moja kwa ncha ya kidole, akachukua ile nyingine.

"Ungeniambia tu mimi," akasema.

"Nilikuambia."

Akanywa. Macho yalikuwa yamerudi meupe.

"Na kesho wakininyima nafasi?"

"Sijui, Cherono. Tutaomba."

Aliweka kikombe kati ya magoti.

"Sawa. Lakini usiombe kwa sauti."

Nikafumba macho hapo hapo kwenye kigoda, na mdomo nikaufunga.